Mwalimu Kaimu, Aliyeshika Nafasi za Wenzake

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu ulipangwa usomwe na kaka yake marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia. Kaka ameujaribu mara mbili nyumbani, na mara zote mbili kicheko kimemshinda kabla hajafika mwisho. Amesema makaburini haitakuwa adabu. Kwa hiyo anausoma binti wa mwisho wa marehemu, kwa niaba. Marehemu asingeona ajabu yoyote, maana mambo mengi ya maisha yake aliyafanya kwa niaba.

Mwalimu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa tano asubuhi, katika nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la mtaa, akiwa wa pili kati ya watoto wawili. Mkunga aliyetegemewa siku hiyo alikuwa amekwenda harusini. Nafasi yake ikashikwa na jirani, mama mmoja fundi cherehani ambaye hakuwahi kuzalisha hata paka. Mama huyo alichemsha mkasi wake wa vitambaa, akafanya kazi safi kabisa, kisha kwa mazoea akamnyoosha mtoto kwenye utepe wa kupimia na kutangaza: "Inchi kumi na tisa na nusu, bila pindo!" Kwa hiyo mtu wa kwanza kumshika Mwalimu hapa duniani alikuwa anashika zamu ya mwenzake, na nyumbani walipenda kusema kwamba mambo yote yalianzia hapo.

Shule alianza Januari 1957, kabla ya wakati wake. Aliyeandikishwa darasa la kwanza alikuwa kaka yake. Siku ya pili tu kaka akapata matubwitubwi, mashavu yakavimba hata kofia ikawa haiingii. Baba yao, aliyekuwa ameihangaikia ile nafasi kwa miezi, akaogopa isije ikapewa mtoto wa watu. Akamvalisha mdogo kaptura ya kaka yake, akaikaza kwa kamba, akampa maagizo: "Nenda ukakae. Likiitwa jina la kaka yako, itika. Ukiulizwa swali, kohoa."

Mwalimu alikaa wiki mbili na nusu na akakohoa kwa bidii. Mwishoni mwalimu wa darasa akamwandikia baba barua, kwamba mtoto ana akili sana lakini apelekwe hospitali haraka akapimwe kifua. Kaka alipopona siri ikafichuka, na kwa huruma ya mwalimu yule wote wawili wakabaki darasani. Lakini nyumbani maneno hayakuisha. Kila alipoleta matokeo mazuri, mtu lazima aseme, "Bahati ya kaka yako hiyo, bila yeye ungekuwa bado unacheza matope." Yeye alicheka na wenzake. Ila moyoni likaingia jambo moja lililomkera kama kokoto ndani ya kiatu: alitamani, walau mara moja, achaguliwe yeye kwanza, na si kwa sababu mwingine ameshindwa kuja.

Hata sekondari kokoto hiyo haikutoka. Mwaka 1965 hadi 1968 alikuwa golikipa wa akiba wa timu ya shule. Alivaa jezi kila mechi kwa miaka minne na akacheza dakika kumi na moja tu. Hiyo ilikuwa Septemba 1967, pale nyuki alipomuuma golikipa wa kwanza kwenye kope. Mwalimu akaingia, ikapigwa penalti, mpira ukampata tumboni, ukatoka nje, na yeye akabaki amekaa chini akitafuta pumzi huku uwanja mzima unaliimba jina lake. Alikuwa bado hajasimama sawasawa pale golikipa wa kwanza alipofika pembeni, jicho moja limefumba, akasema, "Nimepona. Lete glavu." Akampa. Alipenda kueleza kwamba glavu zilikuwa bado za moto.

Baada ya chuo cha ualimu, Januari 1971, alipelekwa shule ya msingi kufundisha hesabu kwa wiki sita, badala ya mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi. Mwalimu yule akajifungua pacha na hakurudi tena. Wiki sita zikawa miaka arobaini. Wengi mliopo hapa mlipitia mikono yake, na somo mnalolikumbuka ni lile la kuweka namba mahali pa herufi. Aliandika ubaoni tano kutoa x, akasema x ni hasi tatu. Darasa zima lilikimbilia tano kutoa tatu na kupata mbili. Naye alishika kichwa kama aliyeibiwa.

"Huyu hasi tatu kaja na alama yake," alikuwa akisema. "Nyie mmemvua alama mlangoni, mkamwingiza uchi! Jibu ni nane. Mgeni akiingia mahali pa mtu, mfungulieni mabano kwanza, aingie na vyake vyote."

Mwaka 1996 mkuu wa shule alihamishwa, na Mwalimu akaombwa akaimu mpaka apatikane mwingine. Fundi wa kuandika mabango akaitwa, akachora mlangoni kwa rangi ya bluu: KAIMU MKUU WA SHULE. Bango lilipakwa rangi upya mara tatu. Wanafunzi walioanza shule baada ya hapo walidhani Kaimu ndilo jina lake, na wazazi wakawa wanamwandikia "Mpendwa Bwana Kaimu". Alikaimu miaka kumi na mitano. Alistaafu tarehe 14 Machi 2011, na barua ya kumthibitisha kuwa mkuu kamili ikafika tarehe 6 Aprili, siku ishirini na tatu baada ya kukabidhi funguo. Aliisoma akiwa amesimama uani, akaikunja, akamwambia mkewe, "Wamenithibitisha kwamba sipo." Kisha akaenda kumwagilia maua, na hakula mchana ule.

Sasa tuje kwenye ndoa, maana hapo ndipo kokoto ilipokaa muda mrefu zaidi.

Mjane wetu alikuwa karani wa posta, dirisha namba mbili, na ndiye pia aliyepokea na kutuma telegramu. Shangazi wa binti huyo na baba yake Mwalimu walikubaliana kwamba Jumamosi, tarehe 8 Januari 1977, kijana mkubwa wa nyumba ile, fundi wa kupima barabara aliyekuwa likizo kutoka kambi ya ujenzi, aende kujitambulisha. Alhamisi ikaja telegramu kwa kaka: RUDI KAMBINI HARAKA. DARAJA. Kaka akafunga begi akaondoka. Huku nyumbani kwa binti viti vilikuwa vimeshaazimwa na wazee wameshaarifiwa. Ikaonekana ni aibu kutokwenda kabisa, basi mdogo akavalishwa koti la kaka yake, mikono ikimfunika mpaka vidoleni, akatumwa kuomba radhi.

Alikaa kwenye ncha ya kiti na kusema, "Mimi siye. Mwenyewe ameitwa kazini. Mimi nimekuja kumshikia nafasi." Binti akacheka hadi akatoka sebuleni. Kaka hakurudi kwa miezi, kwa hiyo mdogo akatumwa tena kuomba radhi, na tena. Mara ya nne shangazi akapoteza subira: "Jamani, huyu anayeomba radhi kila siku, mbona yeye hatumuulizi?" Wakaulizana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Agosti 1978, na bwana harusi akiwa amevaa, kwa mara ya kwanza, koti lililomtosha.

Alimpenda mkewe waziwazi. Alimmenyea machungwa, akamsomea gazeti, na mkewe alipochelewa kurudi kutoka posta, alitoka kumngoja barabarani. Lakini kwa miaka arobaini na tano aliamini mambo mawili: kwamba amemchukulia kaka yake mke, na kwamba mkewe alimpokea kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Hakumuuliza mkewe wala kumweleza kaka. Badala yake, kila kaka alipokuja kumtembelea, Mwalimu aliinuka kwenye kiti cha dirishani, kile kikubwa chenye mito, akamkalisha kaka, akampa na kikombe cha kwanza cha chai. Kaka naye akakaa.

Maradhi yalimwanza mwaka 2009, alipoambiwa ana kisukari. Alipewa vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai. Alionja, akatikisa kichwa: "Huyu ameingia na jezi tu. Mpira hajui." Mwaka 2018 alianguka bafuni, akawekewa nyonga ya chuma, na swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kama ile ya zamani imekwenda likizo au imestaafu. Novemba 2023 figo zikaanza kuchoka. Mwisho wa Januari akalazwa, kitanda cha tisa, karibu na mlango.

Jumapili, tarehe 4 Februari, saa kumi alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, mkewe alikuwa upande mmoja wa kitanda, kaka yake upande wa pili, na binti wa mwisho miguuni akikunja shuka. Mwalimu alimshika kaka mkono.

"Kaka," alisema, "nina jambo. Nilitumwa nikushikie nafasi, mimi nikakaa moja kwa moja. Nisamehe."

Kaka hakuelewa. "Nafasi ipi?"

"Huyu," Mwalimu akasema, akimwelekezea mkewe kidevu. "Wewe ndiye uliyeandaliwa."

Kaka akavuta kiti karibu. "Mdogo wangu, mimi kule kambini nilimkuta muuguzi wa zahanati, mwezi wa sita nikaoa. Umesahau ulikula wewe mwenyewe kwenye harusi? Nafasi gani unaniwekea?"

"Ulioa kwa sababu ya daraja. Bila lile daraja..."

"Daraja!" Kaka akainuka. "Nilifika mbio, bosi akaniuliza, 'Wewe umerudi kufanya nini?' Nikamwambia daraja. Akasema, 'Daraja lipo pale pale, nenda kalitazame.' Mpaka leo sijui nani alinichezea. Nilinyamaza kwa aibu tu."

Hapo ndipo mama, aliyekuwa akimenya chungwa, alipoweka kisu chini.

"Mimi," alisema.

Wote watatu wakamgeukia.

"Telegramu niliandika mimi," alimwambia Mwalimu. "Shangazi aliniambia anakuja kijana wa nyumba ile, nikafurahi, nikadhani ni wewe. Alhamisi ndiyo nikasikia ni mkubwa. Shemeji, nisamehe sana, huna ubaya wowote. Lakini si wewe niliyekuwa nikimtazama pale dirishani."

"Ulikuwa unanitazama mimi?" Mwalimu akauliza. "Nilikuwa nafanya nini?"

"Unapanga foleni. Kila mwisho wa mwezi, na barua za walimu wa shule nzima. Siku moja nilizihesabu, kumi na nne, hata moja si yako. Na kila mzee akija nyuma yako, unampisha. Nikasema, huyu mtu akipata cha kwake mwenyewe atakishika vizuri."

Mwalimu alijiinua kwenye mto. "Na ungejuaje kwamba nitatumwa mimi?"

"Nani mwingine? Mji mzima ulikuwa unakutuma wewe."

Alianza kucheka polepole, kisha kitanda kikatikisika, mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Kwa hiyo, kaka," alisema alipopata pumzi, "miaka yote hii, wewe ndiye uliyekuwa unanikaimia."

"Siku mbili tatu tu," kaka akajibu, "na sikujulishwa. Na kile kiti chako cha dirishani kina springi inachoma! Nimekivumilia miaka yote nikidhani nakuheshimu." Muuguzi aliwaomba wapunguze sauti, wakashindwa.

Siku kumi na moja zilizofuata hazikuwa rahisi kimwili, lakini waliomuuguza watakuambieni alikuwa mtu mwingine. Kila aliyekuja alisimuliwa ile telegramu, na mkewe akalazimishwa kuthibitisha. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 15 Februari 2024, daktari wake wa kila siku alikuwa likizo na akaja kijana anayemshikia zamu. Kijana akaomba radhi kwamba yeye siye. Mwalimu akampa mkono na kusema, "Karibu, mwenzangu. Ingia na vyako vyote." Alifariki saa nne kasoro robo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Juzi, yule fundi wa mabango, ambaye sasa naye ni mzee, alikuja mwenyewe kuomba aandike kibao cha kaburi. Mtaa mzima ulimjua marehemu kwa jina la Kaimu, kwa hiyo akauliza kama aliandike. Mjane akakataa. Fundi, ambaye watoto wake walifundishwa hesabu na marehemu, akajaribu tena: "Basi niliweke kwenye mabano?"

"Hata kwenye mabano usiliweke," mama alimjibu. "Andika Mkuu wa Shule, andika Mume. Huyu alikuwa mwenyewe."

Marehemu ameacha mjane mmoja, aliyemchagua kwanza; kaka mmoja, aliyemkaimia bila kujua; watoto watatu, wajukuu saba, na wanafunzi ambao hadi leo hawathubutu kuandika hasi bila mabano. Kiti cha dirishani kitabaki pale pale na springi yake, na mama amesema hakuna wa kumshikia marehemu nafasi.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Safari hii umeitwa wewe, kwa jina lako.