Machela ya Bibi Dorkas

Bibi Dorkas Tumainieli, mkunga wa zahanati yetu ya misheni, anastaafu tarehe 30 Aprili 1957, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara moja tu, na sababu yake itaelezwa.

Alifika mwaka 1929 akitokea kwao Mhezi, na sanduku la bati na saa ya mfukoni. Zahanati ilikuwa na vitanda vinne vya wazazi. Waraka kutoka kwa wakubwa uliagiza wajawazito wote waje kujifungulia hapa. Bibi Dorkas aliusoma, akahesabu vitanda, akahesabu wajawazito aliowaona kanisani Jumapili moja, kisha akaubandika waraka ukutani. Bado upo.

Ikabidi kila nyumba iamue kama mama ajifungulie nyumbani au ashuke mlimani mpaka zahanati. Mama wakwe walitaka nyumbani, kwa kuwa wao walijifungulia huko na bado wapo kusimulia. Waume waliwaunga mkono mama zao, wakaongeza kwamba mambo yakiharibika watambeba mgonjwa mbio mpaka zahanati. Bibi Dorkas hakubishana nao. Aliomba aonyeshwe.

Mimba ikifika mwezi wa saba, alipanda mpaka nyumbani kwa mjamzito, akala alichopewa, akalala kwenye machela, akapakata jiwe la kusagia kufidia uzito wa mimba, akatoa saa na kumwambia mume na wenzake wambebe mpaka zahanati. Wakifika chini ya saa moja, na kama uzazi uliopita haukuwa na shida, mama alijifungulia nyumbani. Wakizidisha, mama alishuka wiki tatu kabla na kukaa kwenye kibanda nyuma ya zahanati. Wazee waliona aibu mtu mwenye afya yake kubebwa. Yeye alisema naye hafurahii, maana wameshamwangusha mara tatu.

Mwaka 1934 mume mmoja, Yusto, na ndugu zake walifika bondeni saa nzima ikiwa imeshapita, wakaweka machela chini, wakarudi kumfungashia mke wa Yusto nguo za kushukia. Bibi Dorkas alimalizia safari kwa miguu, akiwa na jiwe, na siku hiyo ndiyo aliyochelewa.

Hapa mwandishi hana budi kujitaja. Mimi Gideoni ni dresa wa zahanati hii tangu mwaka 1936, na nilidhani kwa kufunga vidonda vya watu nimeshakuwa nusu daktari. Januari 1941, mke wangu Priska akiwa na mimba ya pili, nilikusanya vijana watatu wenye nguvu, tukambeba Bibi Dorkas kwa dakika hamsini. Mama yangu alifurahi. Priska alisema angependa kushuka hata hivyo. Nikamwambia saa imeshasema.

Jaribio lilifanyika kiangazi. Uzazi ulikuja Aprili, masika yamepamba moto, na wale vijana watatu walikuwa wameshateremka tambarare kukata mkonge. Mtoto alitoka vizuri, upesi kuliko tulivyotegemea. Kondo la nyuma halikutoka, na damu haikukatika. Nilimtuma dada yangu akimbie kumwita Bibi Dorkas, nami nikashika machela na baba yangu, jirani yetu mzee na mke wake. Tuliteleza kila baada ya hatua kumi. Priska aliacha kunijibu. Sijawahi kuogopa kiasi kile, na sina haja ya kuficha.

Bibi Dorkas hakutusubiri zahanati. Tulikutana naye kwenye kijito, akatuamuru tuweke machela chini, akaosha mikono kwa dawa aliyokuja nayo, akalitoa kondo kwa mkono wake palepale kwenye matope, mvua ikinyesha. Kisha akakandamiza tumbo la Priska mpaka damu ikakatika. Tulipofika zahanati yalikuwa yamepita masaa mawili na dakika kumi. Priska aliishi.

Nilingoja kukaripiwa. Wiki ilipita. Siku ya nane Bibi Dorkas alileta daftari la majaribio, akakata dakika hamsini, akaandika masaa mawili na dakika kumi, akanipa kalamu niweke sahihi. Tangu hapo jaribio hufanyika kwenye matope, na wanaobeba ni wale tu watakaokuwepo mwezi wa kujifungua. Malalamiko ya waume yanapokelewa na mimi.

Sasa anarudi Mhezi, ambako gari halifiki. Watu waliowahi kumbeba na jamaa zao wameomba kumbeba mara ya mwisho. Alikataa, akasema atatembea. Alipotajiwa majina ya wabebaji aliuliza kama machela imeshonwa upya. Wabebaji ni Yusto, mimi, binti yetu Elirehema aliyezaliwa siku ile, na Priska, ambaye amechagua kushika mbele. Tumeshafanya majaribio mawili, mvuani, na jiwe.

Bibi Dorkas, zahanati nzima inakushukuru, na mimi nakushukuru kwa mke wangu. Ukapumzike vizuri huko kwenu, uishi miaka mingi yenye afya. Njiani tutakwenda polepole, hivyo saa iache mfukoni.