Naw Say Wah, Aliyekula Wali na Chumvi

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu mlio jikoni, mlio shambani, na wewe uliyelala na homa ukiwa na redio kando ya mto. Anayezungumza nanyi ni Naw Lah Eh. Leo tunamkumbuka Naw Say Wah, mke wa mwanafunzi wa uchungaji. Ameacha mume na mtoto mchanga wa kike.

Nianze na uvumi, maana ndio ulionitoa nyumbani. Nilikuwa soko la Hpa-An, nimesimama kwa muuza tambuu. Huku ananipakia chokaa kwenye jani, akaniambia, "Mama, umesikia? Kule chuo cha wachungaji mke wa mwanafunzi kafa na njaa. Mume anasoma Biblia, mke anakufa na njaa."

Nikamwambia, "Acha maneno yako."

Akasema, "Si yangu, mama. Nimeyakuta yanatembea."

Nilirudi nayo nyumbani maneno yale. Nikipika, yapo. Nikikaa kanisani, yapo. Sikuweza kuyatoa, kwa sababu na mimi nina binti, jina lake Mu Hset, ameolewa na mwanafunzi wa uchungaji katika chuo kingine ng'ambo ya mto, na ana mimba. Mwenye binti wa namna hiyo hawezi kusikia habari kama ile akaendelea kukoroga mchuzi. Nikajifunga sarong yangu ya kanisani, nikaenda kule chuoni mwenyewe. Nilizungumza na mume wa marehemu, na mama mzazi wa marehemu aliyekuwa ameshuka kwa msiba, na jirani yake, na muuguzi wa zahanati. Haya ninayowaambia nimeyapata kwao.

Naw Say Wah alizaliwa milimani, upande wa Papun. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga wa mlimani. Aliimba sauti ya pili katika kwaya, na huko kwenye kwaya ndiko alikompata Saw Hsa Mu. Mama yake, Bibi Gay Wah, aliniambia hivi: "Kijana alikuwa anaimba vibaya. Nikamuuliza binti yangu, huyu umempendea nini? Akasema, mama, anaimba vibaya lakini haachi."

Wakaoana. Mwaka uliofuata Saw Hsa Mu akapelekwa na kanisa lao kusomea uchungaji, na mkewe akamfuata.

Chuoni walipewa chumba katika nyumba za wenye ndoa. Nyie mliopita huko mnazijua. Ni safu ya vyumba nyuma ya kanisa la chuo, kuta za mianzi iliyosukwa. Mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha mwisho anamwombea afya. Mume na mke wakitaka kugombana huenda kwenye bomba la maji, wakapampu kwa nguvu ili wasisikike. Jirani yake, Naw Ku Paw, alicheka aliponisimulia. Alisema, "Tukisikia bomba linalia sana, tunajua kuna nyumba haina amani."

Asubuhi waume walikwenda darasani. Wake walifua, wakapika, wakalisha nguruwe. Mchana wake nao walikuwa na darasa lao: kushona, kufundisha watoto Jumapili, kupiga kinanda cha pampu. Maana mke wa mchungaji kwetu naye huitwa Thramu, mwalimu. Watu humtazama. Wanatazama anavyokaa, anavyocheka, anachoweka mdomoni.

Say Wah alifuga nguruwe wawili nyuma ya chumba. Aliwachukulia pumba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akachanganya na maji ya wali aliyoyamwaga kutoka kwenye sufuria. Nguruwe wakanona. Ku Paw alikuwa akimtania, "Thramu, hawa nguruwe wako wanakula kuliko mwalimu mkuu." Naye alijibu, "Hawa hawana mtihani."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, wasikilizaji wapendwa.

Wanafunzi wa uchungaji hutoka mwisho wa wiki kwenda kuhubiri vijijini. Wakirudi, makanisa huwapa mchele. Na kanisa halimpi mtumishi wa Mungu mchele wowote tu. Linampa mchele mzuri, wa mashine, mweupe kama karatasi. Hiyo ndiyo heshima. Ule wa kutwanga nyumbani kwa kinu cha mguu, wenye wekundu wake, nani atampa mchungaji? Utaonekana umemdharau. Kwa hiyo kule milimani Say Wah alikula mchele wa kutwanga maisha yake yote, na alipofika chuoni akala mchele mweupe. Alifurahi. Alimtumia mama yake salamu: "Mama, huku tunakula kama watu wa harusi."

Alipojifungua mtoto wa kike, alifuata desturi yetu. Mnaijua. Mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, anakaa kando ya moto. Anakula wali na chumvi, labda kipande cha samaki mkavu wa kuchoma. Maharage hapana. Nguruwe hapana. Mayai hapana. Majani mabichi na chipukizi za mianzi hapana kabisa. Mama yake alishuka kutoka milimani kumhudumia mwanzoni, naye alimlisha hivyo. Bibi Gay Wah aliniambia, akinitazama machoni, "Mimi nilikula wali na chumvi kwa kila mtoto. Mama yangu hivyo hivyo. Wote tuliinuka tukaenda shamba. Ningejuaje?"

Hata mimi nilikula hivyo.

Mama aliporudi milimani kuvuna, Say Wah aliendelea peke yake, na aliendelea kupita muda wa kawaida. Wanawake wa nyumba za wenye ndoa walimsifu. "Huyu ndiye Thramu wa kweli," walisema. "Hana tamaa." Ku Paw alikuwa anapika maharage upande wa pili wa ukuta. Siku moja Say Wah akamwita kupitia mianzi.

"Ku Paw! Hayo maharage yako yananukia mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu."

"Nikuletee kidogo, shoga?"

"Toka hapa, Shetani. Usinijaribu."

Wakacheka wote wawili. Ku Paw aliponieleza hili alilia. Alisema, "Mama, ilikuwa ukuta tu. Ningeupitisha mkono."

Mumewe naye hakuwa mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Saw Hsa Mu alimletea nyama ya nguruwe aliyopewa kijijini. Say Wah akaitundika juu ya moto, akamwambia ale yeye. Akamwambia, "Unataka watu waseme mke wako mlafi?" Basi ule uvumi wa sokoni si kweli. Njaa haikuwepo. Chakula kilikuwa ndani ya nyumba, kimening'inia juu ya kichwa chake.

Miguu ikaanza kufa ganzi. Akichuchumaa kuosha nepi, hawezi kusimama mpaka ashike nguzo. Alimwambia mumewe, "Miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine." Mumewe akasema waende zahanati. Akakataa. Mitihani ilikuwa imekaribia. Akasema, "Ni uchovu wa uzazi. Soma." Baadaye miguu ikavimba. Moyo ukawa unakimbia hata akiwa amekaa. Wanawake wakasema ni baridi, asogee karibu zaidi na moto. Akasogea.

Na mtoto. Mtoto mwanzoni alikuwa analia kama watoto wote, na kuta zile mnazijua. Wanafunzi walikuwa wanalalamika. Mmoja alimwambia Saw Hsa Mu bombani, "Ndugu, binti yako anahubiri kuliko wewe." Kisha mtoto akanyamaza. Nyumba zote zikafurahi. Wakasema, mtoto gani mtulivu huyu, anajua baba yake anasoma. Mke wa mwalimu mmoja alileta hata kitambaa cha zawadi, kwa utulivu wa mtoto.

Jumamosi moja Saw Hsa Mu alikwenda kuhubiri kijiji cha mbali. Asubuhi ile Ku Paw aliishiwa samaki wa kuchacha, kile kiungo chetu cha mchuzi, akaingia kwa Say Wah kuomba kijiko kimoja. Hiki ndicho alichokikuta. Say Wah ameegemea ukuta, midomo ya bluu, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Mtoto yuko kwenye nguo ya kubebea. Ku Paw aliniambia maneno haya, nami nayarudia kama alivyoyasema: "Mtoto alikuwa analia, mama. Mdomo wazi, uso mwekundu, machozi yanatoka. Lakini sauti hakuna. Alikuwa analia siku zote zile, na sisi hatusikii."

Wakatafuta pikipiki ya magurudumu matatu, wakawapakia wote wawili, mama na mtoto. Naw Say Wah alifariki kabla hawajafika zahanati. Alifia kwenye mapaja ya Ku Paw, wakiwa barabarani kati ya mashamba ya mpunga.

Muuguzi wa zamu alitazama miguu ya marehemu, akabonyeza, shimo likabaki. Akauliza swali moja tu. "Alikuwa anakula nini?"

Ku Paw akajibu, "Wali na chumvi."

"Wali gani?"

"Mweupe. Ule mzuri."

Muuguzi akamdunga mtoto sindano ya vitamini pale pale. Jioni mtoto akalia kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mzee, lakini watu walisimama kwenye veranda ya zahanati kuisikiliza. Saw Hsa Mu alifika wakati huo huo, Biblia kwapani. Akasikia mtoto analia, akatabasamu. Akadhani mambo ni salama. Ku Paw ndiye aliyemwendea na kumwambia.

Ugonjwa huo unaitwa beriberi. Mimi shule niliishia darasa la nne, siwezi kuueleza kama daktari. Nitaueleza kama nilivyoelezwa na muuguzi. Mchele una ngozi nyembamba nyekundu. Nguvu inayolinda moyo na miguu imo kwenye ngozi hiyo. Bibi zetu walikula wali na chumvi, ndiyo, lakini mchele waliutwanga wenyewe, ngozi ikabaki. Mashine inaiondoa yote. Ngozi hiyo ndiyo pumba, na pumba tunawapa nguruwe. Kwa hiyo mzazi anayekula wali mweupe na chumvi hana chochote cha kumlinda, wala maziwa yake hayana cha kumlinda mtoto. Desturi ya zamani na mchele wa sasa haviwezi kukaa kwenye sahani moja.

Nilipotoka chuoni nilimpigia simu binti yangu Mu Hset. Nikamwambia nitakuja ukijifungua, na nitakuja na maharage. Akasema, "Mama, mama mkwe hatakubali. Na watu wa chuo watasemaje?" Nikamwambia, waseme. Tukabishana mpaka salio likaisha. Bado hajanikubalia. Ndiyo maana leo nayasema redioni, mama mkwe wake naye ayasikie, maana najua huwa anasikiliza kipindi hiki. Mama mwenzangu, nakusalimu kwa heshima. Nakuomba.

Kwa Saw Hsa Mu, kwa Bibi Gay Wah, kwa ndugu wote wa Papun na kwa nyumba za wenye ndoa, tunawapa pole. Mungu awakalie karibu. Mtoto anaishi kwa bibi yake milimani, na baba yake amerudi darasani. Anasema atamaliza. Hilo nalo ni gumu, mwombeeni.

Nanyi wasikilizaji, leo mkikaa kula, mtazameni mzazi aliye ndani ya nyumba yenu. Tazameni sahani yake kabla ya sahani zenu. Halafu epukeni haya:

Kumlisha mzazi wali mweupe na chumvi peke yake.

Kumnyima maharage, mayai, nyama ya nguruwe na mboga.

Kumwaga maji ya wali. Ile nguvu nayo huenda na maji.

Kumwacha atafune tambuu kutwa. Muuguzi anasema inakula hata ile nguvu kidogo aliyobaki nayo.

Kumpa samaki wa kuchacha asiyechemshwa. Huyo naye hula nguvu hiyo hiyo.

Kumpa mchungaji mchele mweupe mtupu na kuuita heshima. Mpeni na wa kutwanga.

Kumwita mzazi mlafi.

Kusema ni uchovu, akikwambia miguu imekufa ganzi.

Kumsifu mtoto mchanga kwa utulivu, kabla hujainama ukautazama mdomo wake.