Mama Evodie na Kichwa Kilichokataa Kusimama

Kuna jambo kuhusu Mama Evodie Mbuyu nililolificha kwa miaka kumi na mmoja. Yeye anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchoma ganzi katika chumba chetu cha upasuaji hapa Kalemie. Kamati imeniomba mimi, Daktari Prospère Ilunga, mkurugenzi wake wa zamani, niandike sifa zake. Daktari anayenitibu moyo anaona sitafika sherehe nyingine, basi nitaandika na hilo jambo.

Alitoka Mpala mwaka 1991 akiwa na diploma ya uuguzi, kapu la samaki wakavu, na kasoro moja kubwa: aliuliza wagonjwa maswali, kisha akasikiliza majibu. Sisi madaktari tulimvumilia.

Wakati wangu, kichwa kikiuma Kalemie, jina lake lilikuwa malaria. Mama aliyezaa kwa upasuaji aliinuka kesho yake kupokea wageni, akashika kichwa, akalia. Niliandika kinini, dawa ya malaria, ndani ya serumu, ile chupa ya maji ya mshipani. Serumu inachukua saa nyingi, na mwenye serumu hulala. Akilala, kichwa kinapoa. Nami niliandika kwenye fishi ya mgonjwa kwa mwandiko mzuri: «Kinini imefaulu.» Akisimama, kichwa kinarudi, nami namtundikia kinini ya pili. Wengine walirudi nyumbani na mtoto mikononi, kelele za kinini masikioni, na kichwa kilekile.

Mama Evodie aliniuliza mbele ya wanafunzi: «Docteur, hii malaria ya namna gani inaogopa kitanda?»

«Mama,» nikamjibu, «malaria haikuombi ruhusa.»

Wanafunzi walicheka. Nilikuwa mcheshi sana siku hizo.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya soko. Sindano ya ganzi ya mgongo huacha tundu dogo. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo huvuja hapo. Mgonjwa akisimama, ubongo hukosa maji ya kuubeba, kichwa kikauma; akilala, kinatulia. Wengi hupona wakilala, wakinywa maji na kahawa. Asiyepona hutolewa damu yake mwenyewe mkononi, ikachomwa mgongoni karibu na tundu, ikaganda na kuliziba. Yote hayo alijifunza Lubumbashi, katika mafunzo niliyomtuma ili nipumzike na maswali yake.

Mimi nilikuwa na ushahidi wenye nguvu zaidi. Mwaka 2014 nilipasuliwa ngiri kwa ganzi ya mgongo, nikaumwa kichwa, nikapona. Katika kila mkutano nilijitaja kuwa mfano hai wa uwezo wa kinini.

Mwezi uleule, Lydie, mwalimu wa shule ya msingi aliyezaa kwa upasuaji, alikuwa amelala siku ya sita bila kuweza kukaa amnyonyeshe mtoto wake. Mama Evodie alimchoma damu yake mgongoni. Kesho yake Lydie alitembea mwenyewe hadi getini. Kosa lilikuwa wazi: mgonjwa alipona bila idhini yangu.

Tulimwita Mama Evodie mbele ya kamati ya nidhamu. Aliulizwa kama ana la kusema.

«Sina,» alisema. «Docteur anajua.»

Nilitia sahihi barua ya onyo, nikampeleka kupanga fishi kwa miaka miwili. Ukurugenzi sasa unasema diploma ya heshima haipewi mwenye onyo. Atapewa saa ya ukutani. Barua ile bado imo ndani ya faili lake. Naomba itolewe kabla ya Ijumaa, na maandishi haya yawekwe mahali pake.

Mama Evodie, asante kwa wote waliotoka hapa wakitembea wima. Mpala ikupokee vizuri, ulale kwa kupenda, uamke kwa kupenda.

Sasa lile jambo. Baada ya ngiri nilijitundikia kinini mara mbili, na kila niliposimama nilianguka. Mama Evodie alifunga mlango wa chumba changu, akanitoa damu mkononi, akaichoma mgongoni mwangu. Nilimwapisha asiseme. Siku kumi na mbili baadaye nilisimama mbele ya kamati, kichwa hakiniumi hata kidogo, nikatia sahihi.