Afande Tsunami wa Kisugu: Maisha ya Marehemu Fabiano Oyat (1956–2023)

Ndugu zetu mliokuja hapa kanisani Kisugu kumuaga mzee wetu kabla hajasafirishwa kwenda Padibe, poleni sana. Mimi naitwa Aciro, binti wa dada wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu, eti, ndiye niliyekuwa nikimtania mjomba kuliko wote. Mnivumilie basi.

Fabiano Oyat alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika kijiji kimoja karibu na misheni ya Padibe, upande wa Kitgum, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Odoch na mama Akwero, wote wawili marehemu. Mama yangu husimulia kwamba mvua ilipoanza kunyesha, watoto wengine walikimbilia ndani, yeye alitoka. Alitaka kujua maji yanakwenda wapi. Siku moja aliyafuata mpaka akapotea, ukoo mzima ukamtafuta, na alipopatikana alichapwa huku bado anaeleza mto ulikokatia kona.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Padibe kuanzia mwaka 1964, kisha akaenda sekondari mjini Gulu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Hesabu zilimshinda kabisa, na hakuficha. Lakini ramani alichora vizuri mno, hata mwalimu wake akazitundika ukutani, na mjomba alizitaja ramani hizo mpaka uzeeni kama mtu anayetaja ng'ombe wake.

Alijiunga na polisi mwaka 1979. Miaka ya vita alikuwa trafiki mjini Jinja. Serikali ilipobadilika Januari 1986, wenzake wengi waliotoka kaskazini walikimbia. Yeye alifua sare, akaipiga pasi, akaenda kuripoti kwa wakubwa wapya. Alisema aliogopa sana, ila aliona aibu kukimbia na viatu vya serikali. Walimhoji, wakampokea, na mwaka uliofuata akahamishiwa kituo cha Old Kampala.

Huko ndiko alikompata mama yetu Phelister Nabangala, msichana wa Busia upande wa Kenya, aliyekuwa akiuza katika duka la vitambaa. Kila wiki mjomba aliingia kununua vifungo vya shati. Ilipofika mara ya nne au ya tano, Mama Phelister akamwuliza mbele ya wateja, "Afande, hii serikali yenu inawafanyisha kazi gani, kila siku vifungo vinakatika?" Mjomba akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini, "Vifungo iko mzima. Ni mimi iko na shida." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990, wakahamia hapa Kisugu, nyumba ile iliyo juu, karibu na ukuta wa kanisa hili. Ah, nyumba ile! Sisi tuliotoka kijijini kusoma tulilala humo sebuleni kama dagaa, na asubuhi kila mmoja alipata chai.

Sasa nifike kwenye jina alilojulikana nalo. Mwishoni mwa 2004 ile tsunami iliua watu wengi kule Asia, ikafika mpaka pwani zetu za Afrika Mashariki. Baadaye ziliandaliwa semina za kufundisha namna ya kupanga tahadhari na kuhamisha watu wa pwani. Nafasi moja ikaletwa Uganda, na kwa kuwa wengine waliikataa, akapelekwa mjomba, askari wa nchi isiyo na bahari. Mwaka 2006 alikaa Mombasa wiki mbili. Aliporudi, wenzake wakamwita Afande Tsunami. "Leta taarifa, mawimbi yamefika Kabalagala hapo jirani?" Alicheka nao. Ila kuna jambo moja alilolibeba kutoka kule na hakulicheka hata siku moja: kwamba tahadhari si kelele. Tahadhari ni watu kuondoka. Wasipoondoka, umepiga kelele tu.

Bahari hatuna, lakini wote mnaujua mtaro wa Nakivubo unavyofurika mvua ikikaza, na mnazijua nyumba za huko bondeni zilivyoshikana. Mjomba alipita mlango kwa mlango, akachora ramani yake, akaamua njia za kupandia, na mahali pa kukusanyikia pakawa hapa kanisani. Machi 2007 akafanya zoezi la kwanza. Alishuka na askari wake, akapuliza filimbi, akashika kipaza sauti: "Watu yote toka inje! Kwenda juu!"

Hakutoka mtu. Milango ilifungwa upande huu na upande ule. Alitoka mbuzi mmoja, naye alikuwa akitafuta maganda ya ndizi.

Mjomba alirudi siku iliyofuata bila askari, akamwuliza Mama Rosalba Nalwoga, ambaye yuko nasi hapa, kwa nini hawakutoka. Mama Rosalba akamwambia, "Ssebo, sisi nasikia filimbi na Kiswahili, nafunga mulango, nalala chini ya kitanda. Ile wakati ya panda gari mume yangu alitoka. Mimi namungoja mpaka leo." Vijana huenda hamjui: panda gari ni ile misako ya kabla ya 1986, watu walipopakiwa kwenye malori na wengi wasionekane tena. Siku hizo mjomba alikuwa barabarani Jinja, lakini sare ni ile ile, na alilijua hilo. Alirudi nyumbani akakaa bila kula. Aliona siku ya maji watu hawa watafia ndani kwa kumwogopa yeye.

Mama Phelister ndiye aliyemtoa hapo. Alimwambia, "Oyat, wewe unawafukuza watu. Kwetu mtu akipiga nduru, unakimbilia pale inatoka, hata kama uko bafuni na sabuni. Waganda nao ni hivyo hivyo. Sasa si nduru ipigwe huku juu?"

Basi zoezi la pili akina mama wa kanisa walisimama kwenye ukuta huu, wakapiga nduru. Bonde zima likapanda mbio. Walikuja na fimbo, mawe, mmoja na mchi, wakiuliza mwizi yuko wapi. Walipoambiwa hakuna mwizi, walitukana kidogo. Mjomba alikuwa amesimama pembeni anatabasamu, kwa sababu wote walikuwa juu. Tangu hapo ikakubaliwa: mvua ikizidi, nduru ipigwe hapa, na anayeisikia apande na watoto wake kwanza.

Mwezi wa Novemba 2010 maji yalikuja kweli, mchana. Nduru ikapigwa, watu wakapanda. Mjomba na askari wake walikuwa bondeni wakiwasaidia wazee. Mama Rosalba alikuwa ameshaufungua mlango, akaona askari wanakimbia na sare zao kwenye uchochoro, akafunga tena kwa komeo. Ndani alikuwa na mjukuu wake. Mjomba aligonga, akaita. Maji yalikuwa yamempita magoti. Akalivua shati la serikali kwa kulirarua, vifungo vikaenda na maji, akabaki na fulana, akasogea dirishani. "Mama, angalia mimi. Hapana afande. Ni Oyat, bwana ya Phelister." Mlango ukafunguka. Alipanda na mtoto mgongoni, Mama Rosalba nyuma yake ameshika sufuria ya maharage aliyokataa kuiacha. Ukuta wa nyumba ile ulianguka jioni hiyo. Siku hiyo bonde letu halikuzika mtu. Mama Phelister alishona vifungo vipya, na alimsema usiku kucha.

Alistaafu mwaka 2016. Sukari ilianza kumsumbua 2019, ikaingia kwenye figo. Alitibiwa Mulago, na tunawashukuru madaktari na wauguzi. Huko wodini, mvua ikinyesha, alitutuma tuchungulie dirishani mawingu yanaelekea wapi. Alifariki huko Jumanne tarehe 14 Machi 2023.

Habari zilipofika nyumbani, Mama Phelister alitoka mpaka kwenye ukuta wa kanisa, akapiga nduru. Jua lilikuwa kali, hapakuwa na wingu hata moja. Bonde likapanda. Walikuja na watoto mgongoni, na magodoro, na vyeti vya shule kwenye mifuko ya plastiki, kama alivyowafundisha. Mama Rosalba alikuja na sufuria. Akauliza, "Maji iko wapi?" Mama Phelister akamwambia, "Ni Oyat." Mama Rosalba akaitua sufuria chini. "Banange. Yeye alingoja mimi kwa mulango," akasema. "Leo mimi nakaa na yeye." Hajashuka bondeni tangu siku hiyo.

Marehemu ameacha mjane, Phelister Nabangala, watoto wawili, Cleopas Oryem na Vera Lamunu, wajukuu watatu, dada yake Ayot, ambaye ni mama yangu, na bonde zima la Kisugu.

Mjomba, watu wako wote wamepanda. Na wewe umefika juu. Pumzika sasa kwa amani.