Kumuaga Mzee Kamba, Mpimaji wa Mgodini

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mzee wetu unayestaafu leo, Mama mkewe, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu mnaoshuka chini kila asubuhi: habari za mchana.

Mimi ndiye msimamizi wa mitambo ya mawasiliano. Mzee huyu tunamwita Kamba kwa sababu ya ile tepu yake ya kupimia. Mama ameniambia hata kitanda chao kilipimwa mara mbili kabla ya kuingia chumbani, na bado kilikwama mlangoni.

Wageni wetu, chini kule satelaiti haituoni. Kila kofia ina kifaa kidogo cha redio, kinachopima umbali wake na vifaa jirani, kisha vyote kwa pamoja vinakisia kila kimoja kipo wapi. Ila lazima vichache, vilivyofungwa ukutani, vijue kwa hakika mahali vilipo. Hivyo tunaviita nanga. Nanga ikidanganywa mahali ilipo, vifaa jirani vyote vinapotea nayo, tena bila wasiwasi wowote.

Miaka tisa iliyopita ukuta ulibomoka, na mchimbaji mmoja akabaki ndani. Kompyuta ilimwonyesha njia ya kushoto. Tukaanza kuchimba kushoto. Mzee Kamba akafika, akatazama kioo cha kompyuta, akauliza kwa upole, "Nanga ya saba aliipima nani?"

Ilikuwa kazi yangu mimi. Nilikuwa na wiki mbili kazini. Sikuipima; nilinakili namba kutoka kwenye mchoro.

"Mchoro haujawahi kushuka mgodini, mwanangu," akasema, akachomoa tepu, akaniambia nishike ncha. Tulikuta tofauti ya mita kumi na mbili. Tulipoingiza namba mpya, yule mtu akahama kwenye kioo, akawa njia ya kulia. Tukahamia kuchimba kulia. Baada ya saa nne akatolewa mzima, akatuambia, "Mmechelewa, shifti yangu imeisha." Ndiye yule anayecheka pale nyuma, na binti yake kando.

Ndugu zangu, mpaka hapo hadithi mnaijua. Msichokijua ni kwamba taarifa ya ajali niliiandika mimi, nikaweka "hitilafu ya kifaa." Kifaa hakikuwa na hitilafu hata chembe. Mzee aliisoma, akanirudishia. "Siku utakapoweza, utairekebisha," akasema, na hakuligusia tena jambo hilo. Miaka tisa tumekunywa chai meza moja, na hakuwahi hata kunitupia jicho la kunikumbusha. Mimi nikapandishwa cheo, yeye akanipigia makofi. Je, kuna mwalimu mwenye subira kuliko huyo?

Mheshimiwa Mkurugenzi, bahasha iliyo mbele yako ndiyo taarifa iliyorekebishwa. Inasema nanga ya saba haikupimwa, na inasema ni nani hakuipima. Uamuzi wowote utakaoutoa, nitaupokea.

Mzee Kamba, nimeweza leo. Nisamehe kwa kukuchelewesha, nenda kapumzike nyumbani, umestahili.

Ahsanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.