Maji ya Mto Mkavu

Garimoshi lilipotoka Korogwe, Mzee Hiza alimwomba maji Mwaija, abiria mwenzake, akanywa kibuyuni kisha akamgeukia mwalimu Kaleb. "Mwanangu nimempeleka shule asome, si akafukue mchanga wa mto mkavu kule Sindeni."

"Kwetu milimani maji tunayaongoza kwa mifereji, mzee. Kule wanayafukua mchangani. Asipoona yote mawili, ramani itabaki picha ya ukutani. Jumatatu tunakwenda na wanafunzi."

"Mbona mwalimu Mdachi anafundisha mto wa kwao Ujerumani bila kulowa miguu?"

"Ndiyo maana mwanao anaujua huo, ila wa Sindeni anasema umekufa."

"Kwani haujakauka?"

Mwaija, aliyeyachota maji ya kibuyu kile kwenye mchanga wa mto huohuo, hakuulizwa. Mzee akanywa tena, kwa kiu ya kweli. Garimoshi likasimama stesheni ya Ngombezi.

"Mwanangu haendi," mzee akamwambia mwalimu, akamrudishia Mwaija kibuyu kitupu.