Kona ya Shimo la Saba

Gofu mimi siijui, lakini nilikaa nyuma ya watu wawili wenye mifuko ya vijiti, na basi zima tukafundishwa bila kuomba. Mmoja wao, mama mkunga kwa jinsi alivyojieleza, alikuwa akimsimulia bwana aliyeketi naye kuhusu shimo la saba, lile la kumalizwa kwa mipigo minne, linalopinda kama kiwiko kufuata bahari. "Leo ni fainali, na mimi nakata kona," alisema. "Napitisha mpira juu ya maji, unatua karibu na bendera ya shimo."

"Dada, usithubutu," alisema yule bwana, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Upepo wa pale hauna adabu. Piga taratibu hadi kwenye kiwiko, halafu ndiyo uigeukie bendera. Umeshawarushia samaki mipira mingapi?"

"Wananijua kwa jina," akacheka. "Lakini kusubiri nasubiri wodini, kaka, wiki nzima. Jumamosi niacheni nikate."

Nilimuunga mkono kimoyomoyo, ingawa hata ukubwa wa mpira wenyewe siujui.

Basi likasimama langoni mwa uwanja. Bwana akamsaidia kubeba mfuko hadi mlangoni. "Unapambana na nani?" akauliza.

"Simjui. Fundi saa mmoja hivi. Wanasema ana subira mpaka inaudhi."

Bwana akamrudishia mfuko wake polepole. "Fundi saa ndiye mimi," alisema. "Sasa ile kona, dada... wewe kata tu."